Pale K Inapoanzia

Kazi yangu ya kwanza mjini Columbus niliipoteza kwa sababu ya neno "two".

Lilikuwa ghala kubwa la nguo na viatu, nje kidogo ya mji, na kila mfanyakazi alivaa hedseti. Ndani yake kulikuwa na sauti ya mwanamke, sauti ya mashine, iliyokuambia uende rafu gani. Ukifika ulisoma kwa sauti namba ndogo zilizobandikwa pale, mashine ikajua umefika mahali sahihi, ikakuambia uchukue maboksi mangapi. Wenzangu walizunguka siku nzima wakitaja namba huku mawazo yao yako kwingine. Mimi nina kigugumizi.

Ninacho tangu nilipoanza kusema, kule kambini Kigoma ambako wazazi wangu walikimbilia kutoka Burundi. Si kila sauti inanisumbua. Irabu hutoka. M na n hutoka. S hutoka nikiivuta taratibu. Lakini k, t, p na b ni habari nyingine. Mdomo hufunga ili kuitamka sauti, kama unavyofunga mdomo wa mtu yeyote, halafu haufunguki. Au hufunguka na kufunga tena na tena, na mimi nimo ndani nangoja kama abiria.

Siku ile "two" ilitoka mara kadhaa kabla ya namba iliyofuata kuja, na mashine ikazihesabu zote. Ikasema nimekosea rafu. Nikarudia, ikasema tena. Nyuma yangu watu wenye matoroli walianza kupanga foleni, na mmoja akacheka, kisha wengine wakacheka, na mimi nikacheka nao. Msimamizi, kijana mpole, alikuja akanivua ile hedseti yeye mwenyewe kwa mikono miwili, kama unavyomvua mtoto kofia, akanipeleka kwenye kazi ya kufunga mizigo kwa plastiki. Haukupita muda wakasema kazi ya plastiki imekwisha.

Nilimwambia mke wangu kwamba wamepunguza watu. Kumbe alikwisha kusikia habari yote kutoka kwa jirani, ambaye mumewe alikuwa kwenye foleni ile. Hakunibishia. Alisema tu, "Bon, tutapata ingine," akaendelea kuchambua maharage. Nilikaa sebuleni nikisikia maharage yakidondoka kwenye sufuria, na masikio yangu yakiwaka moto.

Mke wangu ni wa milima ya Kivu Kusini. Tulikutana Louisville, mtaa wa Beechmont, ambako wakimbizi wengi hufikia, na tangu tulipooana yeye ndiye aliyesema kwa niaba yangu. Alipiga simu kwa mwenye nyumba. Alikwenda mbele dirishani tuliponunua chakula. Hata jina la binti yetu tulilichagua pamoja likiwa linaanza na irabu, na mke wangu alijua ni kwa nini, wala hatukulizungumzia. Ukiishi hivyo miaka mingi unasahau kwamba ni msaada. Mnakuwa kama ukoo fulani wa watu walio na mdomo mmoja.

Kanisani kwetu, karibu na Northland, kulikuwa na msichana wa Kikenya aliyesoma chuo kikuu. Jumapili moja baada ya ibada alimfuata mke wangu, si mimi, akamwambia kwamba mwalimu wake anatafuta watu wanaojua Kiswahili vizuri, wenye masikio makini, wa kusikiliza rekodi na kuweka alama kwenye kompyuta.

"Ni kuskiza tu," alisema. "Hakuna kuongea."

Mke wangu alinigeukia kwa furaha. "Papa, kazi njo hii! Hakuna mutu atakuuliza kitu."

Watu waliokuwa wakitoka kanisani walisikia. Nilitazama chini, nikaikubali kazi.

Kilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha, kuta zimefunikwa sponji ili kelele za nje zisiingie. Mwalimu alikuwa Mmarekani, mwanamke mrefu mwenye miwani aliyoiacha kila mahali, na Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni lakini hakikukosea. Tulizungumza kwa Kiingereza. Yaani yeye alizungumza.

Alinionyesha kioo cha kompyuta. Juu kulikuwa na mstari uliokuwa ukitetemeka, hiyo ndiyo sauti yenyewe, na chini yake picha ya kijivu na nyeusi. Alinifundisha kuisoma. Irabu ni mistari mizito iliyolala. S ni wingu lililokaa juu. M na n ni irabu zilizofifia, kana kwamba mtu amepitisha kifutio. Na k, au t, au p, ni mahali peupe pasipo kitu, halafu mstari mwembamba uliosimama wima pale sauti inapopasuka.

Kazi ilikuwa kukata. Mtu akisema "nimekuja", mimi niweke alama pale n inapokwisha na i kuanza, pale i inapokwisha na m kuanza, hadi mwisho. Unadhani ni rahisi mpaka ujaribu. Sauti hazikai moja moja kama viazi kwenye kikapu. Zinaingiana. Kwenye neno "mwaka" hakuna mahali ambapo w imesema kwaheri na a imebisha hodi. Mimi nilikata hapa, yule msichana wa Kikenya alikata pale, na sote wawili tuliapa kwamba tumesikia.

Hapo ndipo ulipokuwa utafiti wa mwalimu. Hakutaka masikio yetu. Alitaka kanuni. Tukipima nguvu ya sauti, tukapima pale mistari mizito inapoanza kupinda, tukasema alama iwekwe katikati ya mpindo, basi mtu yeyote popote, hata asiyejua Kiswahili, ataiweka palepale.

"Sitaki kulazimika kukuamini," aliniambia, akicheka. "Nataka mgeni kabisa aje akague, apate jibu lako lilelile."

Nilipenda jambo hilo kuliko nilivyoweza kueleza. Nilikwenda pale siku nisizofanya kazi yangu nyingine, ya kufua nguo kwenye nyumba ya wazee, nikavaa hedifoni, nikakaa na kipande cha sauti ya mtu kifupi kuliko kupepesa jicho, nikakisikiliza tena na tena. Hakuna aliyenisemesha. Nilikuwa hodari. Mwalimu aliniambia hivyo mbele ya wengine, na jioni hiyo nilirudi nyumbani kwa basi la Morse Road nikiwa nimenyoosha mgongo.

Kisha tukahitaji sauti za watu wa Kivu, na mimi nilikuwa na shangazi wa mke wangu kule Beechmont, mama mzee, msemaji mzuri, anayejulikana kwa hadithi zake. Mwalimu alifurahi. Akanipa kinasa sauti na karatasi ya maelekezo. Kanuni ilikuwa kwamba anayerekodi ndiye anayesoma maelekezo, maneno yaleyale kwa kila msemaji, bila kuongeza wala kupunguza, ili asiwepo aliyesaidiwa zaidi ya mwenzake.

Neno la kwanza la maelekezo lilikuwa "Karibu".

Ningeweza kumwambia mwalimu palepale. Alijua kwamba mimi ni mtu wa maneno machache, lakini sidhani alijua kwa nini, maana kwake nilikuwa nimejibu siku zote kwa maneno niliyoyachagua mwenyewe, na mtu anayechagua maneno yake huonekana mwenye busara. Niliikunja karatasi nikaitia mfukoni.

Tulikwenda Louisville sote watatu, mke wangu akiendesha. Njia nzima nililisema neno lile moyoni. Tulipopita Cincinnati na kuvuka mto, lilikuwa limekwisha kujaa mdomoni mwangu. Tulipoingia mtaa wa Beechmont sikuweza hata kumjibu binti yangu aliyeniuliza kama tutakula sambusa.

Shangazi alikuwa amevaa kitenge cha Jumapili. Alikuwa amewafukuza wajukuu waende uani na amezima friji, kwa sababu mke wangu alimwambia kwenye simu kwamba hatutaki kelele. Alikaa kwenye kochi mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Mimi ni mkwe katika nyumba ile. Mkwe huingia kwa adabu, husalimu vizuri, hukaa vizuri. Niliweka kinasa sauti mezani, nikakiwasha, nikaona taa nyekundu, nikafungua karatasi.

Nilianza ile k ya "Karibu".

Basi la mjini lilipita barabarani, likaondoka, na mimi nilikuwa bado nimefunga mdomo kwenye k ile ile. Ilipofunguka ilitoka, "K-k-k-ka," ikafunga tena.

"Kahawa?" shangazi aliuliza kwa huruma. "Mukwe, unataka kahawa?"

Nilitikisa kichwa. "Ka-k-ka..."

"Ngoja nipike. Haina shida, ni dakika tu." Akainuka kweli, akaenda jikoni.

Mke wangu alinyoosha mkono akaichukua karatasi kutoka mkononi mwangu. Hakunitazama. Kutoka jikoni tulimsikia shangazi akimwambia jirani aliyekuwa amechungulia dirishani, kwa sauti ya mtu anayedhani ananong'ona, "Ni mukwe wangu, masikini. Hata siku ya ndoa aliitika na kichwa tu."

Ni kweli. Mchungaji alikubali niitikie kwa kichwa.

Kahawa ililetwa. Niliinywa. Mke wangu alisoma maelekezo, na shangazi akasimulia vizuri sana, hadithi ya ng'ombe aliyekataa kuvuka mto walipokuwa wakikimbia, na jinsi walivyovuka wao wakamwacha, akawafuata mwenyewe kesho yake. Nilikaa pale nikishika kikombe kitupu. Ilinipasa kufuatilia sauti, kuona kama shangazi yuko karibu mno au mbali mno na kinasa, lakini sikusikia hata nusu.

Tulipokuwa tunarudi, giza halijaingia, binti yangu alizungumza kutoka kiti cha nyuma kwa Kiingereza, lugha anayotujibia siku zote. Aliniuliza kwa nini sikusema tu "hi".

Alikuwa na miaka tisa. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anaonyesha njia ya kupita, na kwa namna alivyoionyesha nilijua kwamba kwa muda mrefu amekuwa akinitazama nikizitafuta njia hizo. Mke wangu aliwasha redio.

Nilikusudia kumwomba mwalimu ruhusa ya kukata mwanzo wa rekodi ile. Lakini kanuni nyingine ilisema kwamba rekodi huwekwa alama yote, toka taa inapowaka mpaka inapozimwa, na watu wawili tofauti wasioonana. Nilipofika chumbani wiki ile, yule msichana wa Kikenya alikuwa amekwisha kuanza. Alikuwa na hedifoni masikioni. Kwenye kioo chake niliona, kabla ya kuambiwa, mahali peupe parefu sana, halafu mistari myembamba iliyosimama wima, mmoja, mwingine, mwingine. Nilijijua kama mtu anavyojijua kwenye kioo cha dukani.

Aligeuka. Uso wake ulibadilika kidogo, akaurudisha.

"Uncle, kuja uskie hapa," alisema. "Hii k, honestly, sijui nianzie wapi."

Alinivalisha hedifoni. Nikasikia sebule ya shangazi, basi likipita, kitambaa cha kochi kikisuguana, na ndani ya ukimya ule kitu kidogo kama pumzi iliyokwama. Halafu mimi.

Alikuwa akinifafanulia kwa haraka, macho kwenye kioo. K iliyo katikati ya neno si taabu. Irabu iliyotangulia inapokatika, hapo ndipo k imeanza, ukimya wote ule ni wake, mpaka ipasuke. Lakini k iliyo mwanzo kabisa wa maneno haina irabu mbele yake. Ukimya wa mtu aliyekaa tu, na ukimya wa mtu aliyefunga mdomo tayari kusema k, kwenye picha ni kitu kimoja. Vyote vyeupe. Kwa watu wengine haijalishi, kwani kipande chenyewe ni kifupi. "Lakini hapa," alisema, akapima kwa kidole mahali peupe, kwa sababu hapa kilikuwa kirefu mno.

Hakusema "wewe" hata mara moja. Alisema "msemaji". Alifanya hivyo kwa heshima, najua. Lakini nilitamani anicheke kama wale wa ghalani, maana wao nilijua namna ya kucheka nao.

Mwalimu aliposikia alivuta kiti. Alisikiliza mara nyingi, mdomo wake ukijifunga na kufunguka bila yeye kujua. Kisha akasema kwamba hiki ndicho kitu tulichokuwa tunakitafuta, mahali ambapo kanuni zetu zote zinashindwa, na kwamba angependa kukionyesha kwenye mkutano wa watafiti kule Buffalo. Bila jina, bila shaka. Je, ningeruhusu?

Nilitaka kumwambia, kwa Kiingereza, "Please, don't." Neno la kwanza linaanza na p. Nilifunga midomo juu yake nikangoja. Mwalimu alingoja pia, akitabasamu kwa upole, na yule msichana alikuwa anatazama kibodi. Sikuweza kuvumilia. Nikaiacha p nikatafuta neno lolote linalofunguka, na lililokuwa karibu lilikuwa "yes".

"Yes," nilisema.

"Asante sana," mwalimu alisema. Aliniambia nije Buffalo pia, kwa kuwa ni kazi yangu.

Mke wangu alidhani ni heshima kubwa. Ana kaka yake North Buffalo, kwenye nyumba ya orofa mbili anayoishi na familia nyingine, akasema basi twende wote, mtoto amwone mjomba wake. Sikumwambia kitakachoonyeshwa. Siku ya mkutano kaka yake alipangiwa kazi kiwandani, hapakuwa na mtu wa kumwachia mtoto, kwa hiyo mke wangu alikuja ukumbini na binti yetu wakakaa safu ya nyuma kabisa. Mke wangu alikuwa amesuka nywele upya. Alinipungia mkono.

Mwalimu alieleza mambo mengi kwanza, irabu, w na y, mpindo wa mistari, na watu waliandika. Kisha akasema sasa atawaonyesha tatizo. Picha ile ikapanuka ukutani, nyeupe, kubwa kuliko mlango. Akabonyeza.

Ukumbi mzima ulisikia sebule ya Beechmont. Ulisikia basi. Ulisikia kimya, na kimya kikaendelea hadi mtu mmoja akatazama vipaza sauti akidhani vimeharibika. Kisha, "K-k-k-ka." Kisha sauti ya shangazi, "Kahawa?"

Hakuna aliyecheka. Walijadiliana. Mmoja alisema alama iwekwe pale pumzi inapokatika. Mwingine akasema pumzi si kipimo cha kutegemea. Wa tatu akauliza kama zile k ni nne au ni moja iliyovunjika. Walikuwa watu wema na wenye akili, na walizungumza juu ya mdomo wangu kama mafundi wanaozungumza juu ya bomba. Mwalimu aliirudia sauti mara kadhaa ili wasikie vizuri, na kila alipoirudia nilihisi shati likinigandama mgongoni.

Niligeuka kutazama nyuma. Mke wangu alikuwa amekaa wima, mkoba kifuani, akinitazama mimi na si ukuta. Binti yangu alikuwa amevuta kofia ya sweta yake mpaka ikafunika uso.

Ndipo mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe akauliza kama msemaji anapatikana, kwa sababu huenda yeye mwenyewe anajua alianza lini kuifunga k ile. Mwalimu alinitazama. Sidhani alikusudia vibaya. Ni macho tu yalimponyoka. Lakini watu walifuata macho yake, na mzee akaelewa, akaniuliza moja kwa moja na kwa adabu, "Kwako wewe, ilianza wapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo hivyo. Ilianza kabla ya taa nyekundu. Ilianza kwenye gari, baada ya kuvuka mto, na nilipobisha hodi kwa shangazi mdomo ulikuwa umekwisha kufunga. Haimo kwenye rekodi. Hata mkiikata vipi, hamtaupata mwanzo wake pale.

Nilisimama. Kwa Kiingereza nilitaka kuanza na "before".

Sitasimulia muda ule ulikuwa mrefu kiasi gani. Midomo yangu ilishikana. Mbele yangu kulikuwa na ukuta wenye picha yangu, na kile kile kilichochorwa pale kilikuwa kinatokea tena mbele ya watu wote, kikiwa hai. Niliona mzee akiinamisha kichwa, si kwa dharau, ila kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kukuta mtu ndani. Mwalimu alisema upesi, "Asante, tutaandika kwamba haijulikani," akasogeza picha. Nikakaa.

Nje ya ukumbi, kwenye maegesho, theluji ya mwisho ilikuwa imelundikwa pembeni ikiwa nyeusi kwa vumbi. Binti yangu hakuvua kofia. Alisema kwa Kiingereza, "Kila mtu alikuwa anatutazama." Alisema "anatutazama". Hakusema "anakutazama". Nilifungua mlango wa gari nikamwingiza.

Jikoni kwa shemeji yangu, mtoto akiwa ameketi mbele ya televisheni chumba cha pili, mke wangu aliweka maji ya chai kwenye jiko asiwashe moto. Nilikuwa nimemwambia kwamba mwalimu aliniomba ruhusa.

"Donc balikuuliza kwanza," alisema. "Ukakubali."

"Nilitaka kukataa."

"Sasa ulisema nini?"

"Nilisema 'yes'."

"Kwa nini useme 'yes' na unataka 'no'?"

"Kwa sababu inatoka," nilisema.

Alinigeukia polepole. Tumelala kitanda kimoja miaka kumi na moja, na yeye ndiye anayejua kigugumizi changu kuliko mtu yeyote, lakini niliona kwamba hili hakulijua. Alidhani kwamba mimi husema machache. Hakujua kwamba yale machache mara nyingi siyo niliyokusudia.

"Mimi ukiniambia 'sawa'," aliuliza, "ni sawa kweli? Ao ni kwa sababu inatoka?"

Sikuweza kumjibu haraka, na safari hii haikuwa k wala p. Nilipitia moyoni mara zote nilizomwambia sawa. Tuhame Louisville, sawa. Kaka yangu asije kuishi nasi, sawa. Baadhi ilikuwa kweli. Baadhi sikumbuki.

"Zingine," nilisema.

Aliwasha moto chini ya maji. Alinipa mgongo muda mrefu, na mabega yake yalitikisika, nami sikujua kama analia au anacheka. Kaka yake akaingia akiwa bado amevaa viatu vya kiwandani, akauliza mkutano ulikwendaje. Mke wangu akafungua mdomo kunijibia kama kawaida, akaufunga. Wote wawili walinitazama.

"Umekwenda," nilisema. Ndilo lililotoka.

Tuliporudi Columbus nilimweleza mwalimu jibu nililoshindwa kulisema ukumbini. Ilinichukua muda, na yule msichana alivua hedifoni akasikiliza pia. Mwalimu aliniomba radhi, na niliona kwamba naye ameaibika, jambo ambalo halikunipunguzia mimi kitu. Alisema anaamini kila neno. Lakini haliwezi kuingia kwenye kanuni, kwa sababu hakuna mtu mwingine anayeweza kuliona na kulikagua. Nilimwambia nimeelewa, na nilikuwa nimeelewa kweli. Rekodi imebaki na alama zake, pale mwanzo pameachwa bila alama, na ameahidi kutoicheza tena mbele ya watu. Bado nafanya kazi pale.

Mke wangu siku hizi ananiuliza mara mbili. Nikisema sawa, anasema, "Sawa gani?" Huwa inanichosha. Siku nyingine namjibu kweli, nikiipigania herufi moja mbele yake kama mtu anayesukuma gari lililokwama, na yeye anangoja, na kungoja kwake bado kunanifanya nijihisi uchi.

Mwezi uliopita tuliitwa shuleni, siku ya wazazi kukutana na mwalimu wa darasa. Mke wangu alikuwa kazini, nikaenda mimi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilichagua kuanza na "I am", ambayo haina tatizo. Tulipoingia darasani, mwalimu, kijana mchangamfu, alinyoosha mkono, nami nikavuta pumzi, na kabla sijafungua mdomo binti yangu alisema, "Baba yangu hajui Kiingereza."

Alisema haraka, bila kunitazama. Kiingereza nakijua. Nilikisoma kambini kwenye vitabu visivyo na majalada, na kila siku nasoma kwa Kiingereza mambo ya sauti ambayo mwalimu yule labda hayajui. Binti yangu analijua hilo.

Mwalimu alisema, "Oh, sawa kabisa!" akaanza kunisemesha polepole na kwa sauti ya juu, akinionyesha kwa vidole michoro ya mtoto ukutani, daftari la hesabu, nyota za karatasi. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Hata neno moja lingetosha. Nilimtazama mtoto, shingo yake imekaza, akingoja kuona nitafanya nini, nikatikisa kichwa na kutabasamu kama mtu asiyejua Kiingereza. Tulipomaliza nilisema "Asante", na mwalimu akajaribu kulirudia, akalikosea, tukacheka sote.

Kwenye gari binti yangu alifunga mkanda. Aliniuliza kama nimekasirika, na aliuliza kwa Kiswahili, jambo ambalo halifanyi mara nyingi. Nilitaka kumwambia kwamba sijakasirika, kwamba kukasirika siyo neno lenyewe. "Kukasirika" ni neno lenye k tatu, na nililianza. Alingoja. Magari ya wazazi wengine yalikuwa yakitoka moja moja mbele yetu, na alipoona bado sijafika mwisho alipitisha mkono juu ya kioo cha dirisha akafuta ukungu kwa kiganja, akaendelea kungoja.